Barua ya wazi kwa Meya na Baraza la Jiji letu: vibali vya bangi vimekuwa vya mwenye uwezo wa kusubiri

Kwa:
Mheshimiwa Meya,
Waheshimiwa Madiwani,
Meneja wa Jiji na wakuu wa Idara ya Mipango Miji

YAH: NAMNA MNAVYOKAGUA MAOMBI YA VIBALI VYA BIASHARA YA BANGI

Waheshimiwa, salaam na heshima zenu zote.

Mimi ni mkazi wa mji huu hapa kusini mwa California, mzaliwa wa Tanga, raia wa Marekani kwa kuapa, na ni mwombaji wa kibali cha kufungua duka la rejareja la bangi. Nakala ya Kiingereza ya barua hii karani wa jiji anayo tayari. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani makusudi kabisa, maana Waswahili tuko wengi huku, tunalipa kodi, tunapiga kura, na haipiti muda ndugu mmoja ananipigia simu, "nasikia unafungua duka la bangi, na mimi niingize kwenye hiyo dili", nikianza kumweleza safari ilivyo anahisi nambania. Basi asome mwenyewe.

Sijakurupuka kuja huku hadharani. Nimetuma barua pepe, nimesimama dirishani kwenu, nimejiandikisha kuongea kwenye vikao vya baraza nikakatizwa na ile kengele ya muda kwisha, nimeomba miadi na ofisi ya diwani wa kata yangu na msaidizi wake alinipokea vizuri tu, chai nikapewa, jibu sikupewa. Kila nikiuliza naambiwa faili "liko kwenye mapitio". Linapitiwa na nani, limekwama kwa lipi, baada ya hapo linaenda wapi, hamna anayesema. Huku ni kupigwa kalenda, waheshimiwa, na mtu akipigwa kalenda huku analipa pango mwisho wake mnaujua.

Kwa wasomaji walioko Dar, Mombasa na kwingine ambako bangi ni kesi na jela, niweke wazi kwanza. California iliruhusu bangi ya matibabu tangu 1996, na Novemba 2016 wapiga kura wakapitisha sheria ya kura ya maoni iitwayo Proposition 64, mtu mzima wa miaka 21 na kuendelea anunue bila karatasi ya daktari. Mauzo yakaanza Januari 1, 2018. Ila sheria ya jimbo iliacha kila mji uamue wenyewe kama unataka maduka au hautaki, na zaidi ya nusu ya miji na kaunti za jimbo hili mpaka leo haziruhusu. Mji wetu ulikubali. Na ukishakubali, huwezi kufungua kwa leseni ya jimbo pekee, lazima mji nao useme ndiyo. Yaani ufunguo mmoja uko Sacramento, makao makuu ya jimbo, na mwingine uko mfukoni mwenu, na huu wenu ndo unaochelewa kutoka.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Mnadai jengo kabla hamjafungua hata ukurasa wa kwanza

Fomu yenu inataka mkataba wa pango uliosainiwa ndo faili lipokelewe. Kwenye karatasi ni jambo la kawaida, kweli duka halikaguliwi hewani. Lakini tokeni ofisini mje muone linavyokuwa mtaani. Zoni mliyoichora inaruhusu hii biashara kwenye mitaa michache tu kule upande wa magodauni. Ukitoa majengo yaliyo karibu na shule, ukitoa yale ambayo mwenyewe ana mkopo wa benki wenye sharti kwamba asipangishe biashara ya bangi, zinabaki fremu za kuhesabu kwa vidole, na wenye fremu wanajua hilo kuliko nyie. Dalali akisikia neno bangi bei inapanda hapohapo kwenye simu, kabla hata hujauliza choo kiko wapi.

Basi unasaini, kwa sababu usiposaini hupokelewi, na kuanzia hapo unalipa kodi ya jengo ambalo huruhusiwi kuuza ndani yake hata pipi. Unalipa bima. Unalipa umeme. Ya kwangu ina geti la chuma la kukunja, sakafu ya saruji, kaunta ya vioo tuliyoinunua kwa mtu aliyefunga duka lake la simu, na kila nikifungua mlango nasukuma kwanza rundo la vipeperushi vya pitsa na barua za kampuni za umeme wa jua zilizopenyezwa chini. Mchoro wa kamera uko kwenye faili lenu, kila kamera na pembe yake, chumba cha kuhifadhia mzigo na kufuli zake, vyote mmedai na vyote nimeleta. Kampuni kubwa yenye wawekezaji inalipa fremu tupu mwaka mzima kama inavyolipa maegesho ya gari, haihisi kitu. Sisi wengine kila mwezi ni kikao cha familia.

Na tusiambiane twende benki tukakope. Serikali kuu bado inaihesabu bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya iliyotungwa kwa sheria ya 1970, kwa hiyo mabenki mengi hayataki hata kuona jina la biashara, mkopo ndo usahau. Hela ya kusubiria inatoka kwenye mifuko ya watu.

Kuna mtego mwingine humohumo, na huu naomba madiwani mliosoma sheria mnisikilize. Sheria ya jimbo inasema duka lisiwe ndani ya futi 600, kama mita 183 hivi, kutoka shule, kituo cha kulelea watoto au kituo cha vijana, isipokuwa mji uweke umbali mwingine. Na kinachoangaliwa ni vituo vilivyopo siku leseni inapotolewa. Siku inapotolewa, sio siku ulipoomba! Maana yake nimechagua fremu safi, nimepima, nimesaini, nimewasilisha, alafu faili likilala kwenu mtu akafungua kituo cha watoto mtaa wa pili, mimi ndo nimekosa sifa. Kosa langu nini hapo? Ni kwamba nyie mmechelewa. Kila mwezi mnaokaa na faili mnaongeza uwezekano wa mimi kuanguka kwa sababu isiyonihusu, na pango nimelipa.

Mji wa Oakland walipoanza 2017 mpango wao wa usawa, yaani wa kuwapa nafasi watu walioumizwa na vita vya dawa za kulevya, waliliona hili la jengo mapema. Mwombaji mkubwa aliyetaka kupewa kipaumbele aliweza kukipata kwa kumpa mwombaji mdogo wa mpango huo nafasi ya futi za mraba 1,000 bure kwa miaka 3. Mpango ule una kasoro zake na watu wa Oakland wanazisema wenyewe, lakini angalau kuna aliyekaa akajiuliza mzigo wa pango atabeba nani. Kwetu hamkujiuliza.

2. Hakuna saa, na marekebisho yanakuja kwa kudondoshwa

Jimbo linapouandikia mji kuuliza kama mwombaji fulani anafuata sheria za mji, mji una siku 60 za kazi za kujibu, ukikaa kimya jimbo linachukulia kwamba mwombaji yuko sawa mpaka ithibitike vinginevyo. Mnaona? Kwa wakubwa zenu mna saa. Kwa mwananchi hamna.

Na barua zenu za marekebisho, hizi ndo zinachosha kuliko kitu chochote. Ya kwanza ilisema mchoro wa maegesho hauonyeshi nafasi ya mlemavu. Nikarekebisha, nikalipia mchoraji tena. Ikaja ya pili, kumbe hata mpango wa harufu hautoshi, mnataka na maelezo ya chujio la mkaa. Sawa, nikaleta. Ya tatu ikasema ndani ya futi 600 kuna kituo cha watoto. Nikaenda kutembea mtaa ule mwenyewe. "Kituo" chenyewe ni nyumba ya mama mmoja anayelea watoto wa majirani sebuleni kwake kwa leseni ya nyumbani, na sheria ya jimbo imetenganisha malezi ya nyumbani na kituo cha malezi, ni vitu viwili, na katazo linahusu kituo. Pia ofisa wenu alikuwa amepima kutoka kwenye mlango wa yule mama mpaka kwenye mlango wangu kwa kufuata barabara, wakati sheria inasema mstari ulionyooka, mpaka wa kiwanja hadi mpaka wa kiwanja. Yaani kosa mara mbili kwenye barua ya ukurasa mmoja. Niliandika kujibu, nikaambatanisha vifungu, na tangu hapo faili limerudi kwenye "mapitio".

Hivi kweli haiwezekani mtu mmoja akae na faili zima siku moja, aandike kasoro zote kwenye barua moja? Mafundi wa ujenzi mnawafanyia hivyo. Kwenye bangi tu ndo kasoro zinatoka moja moja kama vile kuna mtu analipwa kwa barua.

3. Alama bila maelezo

Maombi yanapewa alama na kampuni ya washauri mliyoikodi. Mwombaji anapata jumla tu. Mpango wa usalama umepewa ngapi, mpango wa ajira ngapi, nani alisoma, walisoma watu wangapi, hakuna. Ukiuliza unaambiwa ni siri ya mchakato.

Waheshimiwa, wenzenu walishapita huku wakaungua. Jimbo la Illinois mwaka 2020 liliacha kazi ya alama kwa kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu, kati ya waombaji zaidi ya 900 walioomba leseni 75, makundi 21 yakatoka na alama zote bila kukosa hata moja, wengine wote nje. Watu wakauliza, inakuwaje hao wote wapate asilimia mia na mimi sijui nimekosea wapi? Kesi zikamwagika, na mwaka uliofuata bunge la jimbo likalazimika kutunga sheria nyingine na kuongeza bahati nasibu. Mfumo wa alama hauna ubaya wenyewe. Ubaya ni alama ambayo hata aliyeshindwa akiisoma haoni kwa nini ameshindwa.

4. Kanuni zinabadilika mchezo ukiwa umeanza

Hili fupi. Mlifungua dirisha kwa kanuni moja, kisha katikati mkabadilisha uzito wa alama na muda wa kufungua duka, na mkataka tuliokwisha wasilisha tufuate kanuni mpya kwa gharama zetu. Kama mnataka kubadilisha badilisheni, kazi yenu hiyo, lakini iwe kwa raundi ijayo.

5. Usawa wa kwenye makaratasi

Mmeandika kwamba kuna vibali vimetengwa kwa watu waliopigwa na vita vya dawa za kulevya, waliofungwa kwa bangi, waliokulia kwenye mitaa iliyokuwa inasombwa na polisi kila Ijumaa. Nzuri sana, hata jimbo tangu 2018 lina sheria ya kusaidia mipango ya miji ya namna hii kwa hela. Lakini huwezi kumtengea kibali mtu asiye na kitu kisha ukamtaka awe na fremu ya kulipia bila kikomo. Anachofanya, anatafutwa na mwenye hela, anawekwa jina mbele, anasaini mkataba wa kurasa nyingi ambao hausomi vizuri, na duka likifunguliwa yeye ni picha ukutani. Mnayajua haya, yamelalamikiwa jimbo zima. Sijaona mahali popote kwenye fomu yenu ambapo mkaguzi anausoma huo mkataba wa ndani na kuuliza faida inaenda kwa nani.

Sisi Waswahili tumekutana na sura nyingine ya jambo hilihili. Sehemu ya mtaji wangu ni pesa ya mchezo, upatu, nimecheza na kina mama wa hapa na wawili wa San Diego, zamu yangu ikafika nikapokea kwa kijumbe kama kawaida. Ofisa akaniandikia anataka "taarifa za benki za mkopeshaji". Nikamweleza hakuna mkopeshaji, ni hela yangu mwenyewe niliyokuwa naiweka kila mwezi, hii hapa orodha ya kijumbe na risiti za kutumiana kwa simu. Akaomba tena taarifa za benki za mkopeshaji. Sikatai, chanzo cha hela lazima kikaguliwe, biashara hii wahuni wanaipenda kusafishia fedha zao. Ila mkaguzi ajifunze basi jinsi watu wa mji wake wanavyoweka akiba, maana Wamexico wana tanda, Wasomali wana ayuuto, na wote ni wapiga kura wenu.

(Na ndugu zangu wenye green card, nawaomba hapa msimame kidogo. Aprili 2019 idara ya uhamiaji ya serikali kuu ilitoa mwongozo kwamba kujihusisha na bangi, hata kuajiriwa kwenye duka lenye leseni halali ya jimbo, kunaweza kukukwamisha kwenye suala la tabia njema unapoomba uraia. Ndo maana nakataa kuwaingiza, sina roho mbaya. Ongeeni na mwanasheria wa uhamiaji kabla hamjatoa hata dola moja.)

6. Mazungumzo ya pembeni

Naandika kwa uangalifu: sisemi hapa kwetu kuna mtu kala rushwa, sina ushahidi huo wala sijauona. Ninachosema ni kwamba mfumo wenu una mlango wa nyuma usio na kufuli, na miji mingine watu walipita palepale.

Adelanto, siyo mbali na huku, diwani alikamatwa na FBI mwaka 2017 kwa kupokea dola 10,000, akatiwa hatiani 2022, na meya wa zamani wa mji huohuo alishtakiwa 2021 kwa mambo ya vibali vya bangi na baadaye akakiri. Calexico, mpakani na Mexico, mwaka 2020 naibu meya na kamishna mmoja walikiri kupokea dola 35,000 kutoka kwa mpelelezi wa FBI aliyejifanya ni mtu wa wawekezaji, ahadi ikiwa ni kusukuma kibali kitoke haraka. Huko Massachusetts, meya kijana wa Fall River, Jasiel Correia, alikuwa anawabana wafanyabiashara watoe hela ndo awape barua ya kwamba mji hauwapingi, barua tu jamani, akahukumiwa miaka 6 mwaka 2021. Mwaka uliofuata jimbo lile likabadilisha sheria, mikataba kati ya miji na wafanyabiashara wa bangi ikaanza kukaguliwa na tume ya jimbo. FBI wenyewe mwaka 2019 walitoa tahadhari ya wazi kwamba rushwa kwenye leseni za bangi ni tishio wanalolifuatilia.

Ukiangalia kesi zote hizo utaona kilichouzwa ni kitu kimoja: haraka. Mtu halipi rushwa kwenye mji ambao kila mtu anajua faili litatoka lini. Analipa pale ambapo kuchelewa hakuna mwisho na kuna mtu mmoja anayeweza kulitoa faili chini ya rundo. Hapa kwetu wapo jamaa wanaojiita washauri wa mahusiano, waliwahi kufanya kazi jijini, na wameshanipigia kuniambia kwa ada fulani "watafuatilia". Mimi nimekataa. Lakini najiuliza ni wangapi wamechoka wakakubali, na huko kufuatilia kunaishia kwa nani.

Sasa najua mtakachojibu, kingine nimeshakisikia.

Mtasema wafanyakazi ni wachache. Ada ya maombi mnaichukua yote siku ya kwanza na hairudishwi. Proposition 26 ya mwaka 2010 inasema ada ya mji isizidi gharama halisi ya kazi, ikizidi hiyo ni kodi. Kwa hiyo ama ada inatosha kulipa wakaguzi na wakaguzi hawapo, ama haitoshi na mseme. Toeni hesabu, ni ukurasa mmoja tu.

Mtasema mnaenda taratibu kwa kuogopa kesi. Los Angeles walifungua dirisha la maombi Septemba 3, 2019 kwa mtindo wa anayewahi ndo anapata, baadaye ikagundulika kuna waombaji waliingia kwenye mfumo kabla ya saa, ikaja kesi, mji ukakubali kuongeza leseni kutoka 100 hadi 200. Kilichowaletea kesi sio kasi, ni kutoaminika. Na walipokuja kufanya bahati nasibu Desemba 2022 mwombaji hakuhitaji kuwa na jengo kwanza, kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Mtasema serikali kuu bado inakataza. Inakataza ndiyo, na mnaitoza kodi ya jiji hivyohivyo! Serikali kuu nayo inatutoza kodi ya mapato huku kifungu cha 280E cha sheria yake ya kodi kikituzuia kukata gharama za kawaida kama pango na mishahara, tutakapofungua tutalipa kodi kwenye hela ambayo hatukubaki nayo. Hilo haliko mikononi mwenu, nimeliacha. Yaliyo mikononi mwenu ndo nayadai.

Mtasema kuna wakazi hawataki. Wapo na nawaheshimu, baadhi yao naswali nao na kuna mzee mmoja tangu asikie habari zangu salamu yake imepoa. Mama yangu kule Tanga nimemwambia nafungua duka la dawa za mimea, tumeishia hapo. Lakini swali la kutaka au kutotaka lilishapigiwa kura, na kumchelewesha aliyeomba kihalali hakupunguzi bangi mtaani hata gramu moja. Ile barabara yetu kubwa ina duka lisilo na kibali, vioo vyeusi, taa ya kijani inawaka usiku kucha, mlangoni hakuna anayeuliza kitambulisho, bidhaa haijapimwa maabara wala halipi kodi. Yeye hakujaza fomu yenu, kwa hiyo hana faili la kupitiwa. Anauza.

Ninachoomba, kwa heshima na kwa maandishi:

(a) Sharti la mkataba wa pango lihamie hatua ya pili. Hatua ya kwanza mtu akaguliwe yeye, mpango wake na hela yake, akipita apewe kibali cha awali na muda wa kutosha kutafuta fremu.

(b) Wekeni ukomo. Siku 60 za kazi ambazo jimbo linawapa nyie, tupeni na sisi. Zikipita bila uamuzi faili lipande lenyewe kwenye ajenda ya tume ya mipango, mbele ya watu.

(c) Barua ya marekebisho iwe moja yenye kasoro zote. Kasoro mpya baadaye iruhusiwe tu kama imetokana na kitu mwombaji alichobadilisha.

(d) Umbali kutoka kwenye shule na vituo uangaliwe siku ombi linapopokelewa kwa upande wa mji. Sheria ya jimbo imewapa nafasi ya kuweka umbali tofauti, basi tumieni nafasi hiyo kumlinda mtu ambaye kituo kimemkuta yuko kwenye foleni yenu.

(e) Alama zitolewe kipengele kwa kipengele pamoja na maelezo ya mkaguzi, kuwe na rufaa kwa mtu huru asiyetoka kwenye kampuni iliyotoa alama. Siri za kiusalama kama mahali pa kamera zifutwe kwa wino, hakuna anayezitaka.

(f) Mikataba ya ndani ya waombaji wa usawa isomwe na mwanasheria wa jiji kabla ya kibali na mwaka mmoja baada ya kufungua.

(g) Kila mkutano kati ya diwani, ofisa wa idara na mwombaji au wakala wake uandikwe kwenye daftari la wazi, tarehe na jina. Hata mikutano yangu.

Ombi langu la nyaraka limeingia kwa karani pamoja na barua hii chini ya sheria ya kumbukumbu za umma, nataka mkataba wa kampuni ya washauri, hesabu ya ada zote zilizokusanywa tangu dirisha lifunguliwe, na orodha ya maombi yote yenye tarehe ya kupokelewa na tarehe ya hatua ya mwisho, majina mkitaka fichieni. Sheria inawapa siku 10 kusema mnazo au hamnazo.

Na naomba mambo haya yawekwe kwenye ajenda ya kikao cha kawaida, ile inayobandikwa saa 72 kabla watu waione, siyo kikao cha faragha, na iwe kabla hamjapitisha bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, kwa sababu mkaguzi mnayeniambia hamna hela ya kumwajiri anatakiwa aingie humo.

Waombaji wenzangu tuliowasiliana tutasaini nakala ya Kiingereza pamoja. Wengine wameogopa kwamba mafaili yao yatawekwa chini ya rundo, nimewaelewa na sitawataja.

Wenu mtiifu,
Mwombaji wa kibali cha duka la rejareja, mkazi, mlipa kodi na mpiga kura

Nakala: Karani wa Jiji, Mwanasheria wa Jiji, Tume ya Mipango Miji, Idara ya Udhibiti wa Bangi ya Jimbo, Sacramento